Uteuzi wa Masomo kwa Anayenuia Kusomea Udaktari: Mtazamo kutoka Njoro na Nakuru

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa, magazeti yetu hurudia picha ile ile. Mwanafunzi aliyeongoza amebebwa juujuu na jamaa zake, mamake anapiga vigelegele, na mwandishi wa habari anamuuliza angependa kuwa nani maishani. Jibu aghalabu huwa moja: daktari. Wapo wanaoongeza kuwa watakuwa madaktari wa upasuaji wa ubongo, wala hawatetereki wanaposema hivyo. Ni nadra sana gazeti kurejea miaka miwili baadaye kuuliza jibu hilo liliishia wapi. Makala hii inawahusu hasa wale ambao jibu lao liliishia kwingine: katika bewa la Njoro, darasani mwa baiolojia, mwa baiokemia, mwa ualimu na, naam, hata mwa Kiswahili.

Miongoni mwa wanafunzi hawa limeenea wazo ambalo kila anayekaa mabwenini amelisikia. Mwanafunzi aliyekosa nafasi ya Shahada ya Tiba na Upasuaji hujiambia kuwa atasoma kwanza shahada nyingine iliyo jirani na tiba, aifanye vyema, kisha ahamie udaktari. Kwa hivyo swali linalomkosesha usingizi anapojaza fomu za udahili ni hili: shahada ipi ndiyo njia ya mkato? Huyu huchagua baiokemia kwa kuwa jina lake lina harufu ya maabara. Yule huchagua sayansi na teknolojia ya baiomedikali kwa kuwa jina lake linakaribia kutamka tiba yenyewe. Mwandishi wa makala hii anashikilia kwamba swali hilo, ingawa ni la dhati, limeazimwa kutoka nchi nyingine, na kwamba anayeliuliza akiwa tayari Njoro mara nyingi amekwisha kuupita mlango anaoutafuta bila kuuona.

Swali la kuazima

Nchini Marekani swali hilo lina maana kamili. Huko mtu hasomei udaktari moja kwa moja kutoka shule ya upili. Husoma kwanza shahada ya miaka minne, akafanya mtihani maalumu wa kuingilia shule za tiba uitwao MCAT, ndipo akaomba nafasi ya kusoma tiba kwa miaka minne mingine. Shahada hiyo ya kwanza inaweza kuwa ya somo lolote. Aliyesoma historia, fasihi au muziki huombea nafasi sawa na aliyesoma kemia, mradi awe alipitia kozi za msingi za baiolojia, kemia na fizikia zinazodaiwa na shule za tiba. Ndiyo maana vitabu na filamu za Marekani zimejaa vijana wanaoshauriana kuhusu shahada bora ya kumwandaa mtu kwa udaktari.

Utaratibu huo haukushuka kutoka mbinguni. Shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, iliyofunguliwa mwaka 1893, ilidai wanaoingia wawe tayari na shahada, jambo lililokuwa geni wakati huo. Mwaka 1910 Abraham Flexner, ambaye alikuwa amewahi kuwa mwalimu wa shule wala hakuwa daktari, alichapisha ripoti kali kuhusu hali ya shule za tiba za Marekani na Kanada. Shule nyingi duni zilifungwa, na zilizobaki zikafuata mfano wa Johns Hopkins. Inafaa sisi walimu watarajiwa tujue kwamba aliyeubadilisha udaktari wa taifa zima alikuwa mwenzetu wa chaki.

Sisi tulirithi utaratibu wa Uingereza, ambako mwanafunzi huenda katika shule ya tiba akitoka shule ya upili. Mafunzo ya tiba yalianzishwa Makerere mwaka 1924, na kwa miongo mingi Mkenya aliyetaka kuwa daktari bila kuvuka bahari alilazimika kuelekea Kampala. Shule ya tiba ya Nairobi ilianza mwaka 1967. Chini ya mfumo wa elimu wa 7-4-2-3, daraja kati ya shule na tiba lilikuwa Kidato cha Tano na cha Sita: miaka miwili ya masomo machache yaliyochimbwa kwa kina, ambapo kijana wa miaka kumi na minane hivi alikuwa na muda wa kujipima kama kweli ana moyo wa sayansi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981, daraja hilo lilivunjwa. Kundi la kwanza la 8-4-4 liliingia vyuoni mwaka 1990, mwaka ambao kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza.

Matokeo ya mabadiliko hayo hayajajadiliwa vya kutosha. Uamuzi uliokuwa ukifanywa na kijana aliyekomaa kidogo uliteremka hadi mwisho wa Kidato cha Pili, wakati wa kuchagua masomo ya kuendelea nayo na ya kuacha. Anayechagua wakati huo ana miaka kumi na mitano au kumi na sita, na mara nyingi mshauri wake wa pekee ni mwalimu wa darasa. Huo ndio uteuzi wa masomo kwa anayenuia kusomea udaktari katika Bonde la Ufa la kati. Haufanyiki Njoro. Hufanyika katika madarasa ya Molo, Gilgil, Elburgon na Naivasha, mbele ya watu kama sisi.

Hesabu ya mlangoni

Tuyaangalie basi masharti yenyewe. Hadi mwaka 2012 udahili wa wanafunzi wa serikali ulisimamiwa na Bodi ya Pamoja ya Udahili (JAB). Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka huo ikaunda asasi inayojulikana kwa kifupi kama KUCCPS. Majina yalibadilika, lakini wazo la kundi la masomo lilibaki. Kila kozi ina masomo yake manne yanayopewa uzito. Kwa Shahada ya Tiba na Upasuaji masomo hayo ni Baiolojia, Kemia, kisha Hisabati au Fizikia, kisha Kiingereza au Kiswahili.

Msomaji naasome sentensi hiyo mara ya pili, hasa mahali palipo na neno "au". Pana imani mbili kinzani zilizotapakaa katika shule zetu, na zote mbili zinapingwa na neno hilo dogo. Ya kwanza ni kwamba asiyesoma Fizikia hawezi kuwa daktari. Shule nyingi ndogo za kutwa hazina maabara wala mwalimu wa Fizikia, na wanafunzi wake hukatishwa tamaa mapema kwa sababu hiyo. Hali halisi ni kwamba Hisabati, ambayo kila mtahiniwa wa 8-4-4 huifanya kwa lazima, huijaza nafasi hiyo. Ya pili ni kwamba Kiswahili ni somo la kumalizia ratiba tu kwa mwenye ndoto ya sayansi. Lugha inayohesabiwa ni ile ambayo mwanafunzi ameifanya vyema zaidi kati ya mbili hizo, na kwa wanafunzi wengi wa ukanda huu lugha hiyo ni Kiswahili.

Uzito wa jambo hili hauonekani hadi hesabu ifanywe. Kila somo lina alama 12 kwa gredi ya A, 11 kwa A ya kutoa, 10 kwa B ya kujumlisha, na kuendelea chini. Masomo manne ya kundi yana jumla ya alama 48. Masomo saba yanayotumika kukokotoa gredi ya wastani yana jumla ya alama 84. Kanuni yenyewe imerekebishwa mara kadhaa, na kila mtahiniwa hana budi kuisoma ile ya mwaka wake. Lakini umbo lililojulikana kwa miaka mingi ni hili. Alama za kundi hugawanywa kwa 48, alama za masomo saba zikagawanywa kwa 84, majibu hayo mawili yakazidishwa, ukatafutwa mzizi mraba wa zao lake, kisha mzizi huo ukazidishwa kwa 48.

Tumchukue mtahiniwa mwenye A katika Baiolojia, A ya kutoa katika Kemia na Hisabati, A katika Kiswahili na B ya kujumlisha katika Kiingereza, na ambaye masomo yake saba yana jumla ya alama 78. Kundi lake, kwa kutumia Kiswahili, lina alama 46, na hesabu inampa 45.28. Tuseme mtahiniwa huyo angekuwa amekipuuza Kiswahili, akapata alama 10 tu kama alivyopata katika Kiingereza, lakini akafidia alama mbili hizo katika masomo ya jamii ili jumla ibaki 78. Kundi lake lingekuwa na alama 44, na hesabu ingempa 44.28. Wa tatu ana 78 zile zile, lakini nguvu zake ziko katika Historia na Dini. Katika kundi ana 43. Huyo anapata 43.78. Wote watatu wana gredi ya wastani ya A ya kutoa, wote watashangiliwa nyumbani kwa vigelegele sawa. Hata hivyo, alama za chini za kuingilia tiba zimekuwa zikielea juu ya 40 kati ya 48, na vyuo vinavyopendwa sana hutenganisha wanafunzi kwa sehemu za mia za alama moja. Alama moja nzima katika foleni hiyo ni umbali mkubwa.

Mwaka 2023 njia ya kupata gredi ya wastani ilibadilishwa pia. Tangu mtihani wa mwaka huo, masomo ya lazima katika hesabu ni Hisabati na lugha moja iliyofanywa vyema zaidi, ikifuatiwa na masomo mengine matano bora. Kwa mara nyingine Kiswahili kinaweza kusimama mahali pa Kiingereza. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunaosomea kukifundisha hatujui kuwaeleza wanafunzi jambo hilo.

Aliyekwisha kufika Njoro

Sasa turudi kwa mwenzetu aliye darasani mwa baiokemia akingoja kuvuka. Ana njia gani?

Njia ya kwanza anayoiwazia ni uhamisho. Hapa ndipo wengi hupata pigo. Uhamisho wa kutoka kozi moja hadi nyingine, au chuo kimoja hadi kingine, hupimwa kwa alama zile zile za KCSE. Anayetaka kuhamia kozi fulani sharti awe alifikisha alama za chini zilizokubaliwa katika kozi hiyo mwaka aliodahiliwa. Gredi za A alizovuna chuoni katika mwaka wa kwanza, hata zikiwa kumi, hazihesabiwi. Nimemwona mwanafunzi aliyekesha maktabani mwaka mzima akiamini kuwa anajijengea daraja, kumbe kila usiku alikuwa akijenga mahali pasipo na mto. Elimu aliipata, hilo halina shaka. Ila hakuna aliyemwambia mapema.

Njia ya pili ni kumaliza shahada na kuanza upya. Vipo vyuo vinavyomkubali mwenye shahada nzuri ya sayansi za kibaiolojia kuomba nafasi ya tiba. Lakini ufadhili wa serikali umekusudiwa anayesomea shahada ya kwanza, kwa hivyo anayerudi kwa kawaida hujilipia, na karo ya tiba huwa ni laki kadhaa kwa mwaka. Mafunzo huchukua miaka sita, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi kabla ya kupewa leseni kamili. Aliyemaliza shahada yake ya kwanza akiwa na miaka 23 atakuwa amevuka 30 kabla ya kuitwa daktari. Hata mwisho wa safari hiyo hauna uhakika. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56 kuanzia Machi hadi Mei, ulichochewa kwa kiasi kikubwa na suala la wahitimu waliokuwa wakingoja kupangiwa vituo vya mwaka huo wa mazoezi pamoja na malipo yao.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa ya heshima zaidi, nayo ndiyo inayodharauliwa zaidi. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya (KMTC), ambacho kina bewa mjini Nakuru, hutoa stashahada ya utabibu na upasuaji wa kliniki kwa miaka mitatu. Wanaohitimu huitwa maafisa wa kliniki, na Sheria ya mwaka 2017 inaratibu mafunzo na usajili wao. Ukienda katika zahanati au kituo cha afya chochote kati ya Mau Narok na Subukia, yamkini anayekupima, kukuandikia dawa na kukushona jeraha ni afisa wa kliniki. Wagonjwa humwita daktari bila kusita. Baadhi ya vyuo humkubali mwenye stashahada hiyo iliyopatikana kwa alama za juu kuendelea na Shahada ya Tiba na Upasuaji, naye huingia akiwa ameshika wagonjwa kwa mikono yake, si kwa kusoma tu. Tunasema mchagua jembe si mkulima. Chuo cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kingestahili kuielewa methali hiyo kuliko chuo kingine chochote.

Je, na yule ambaye hana njia hata moja kati ya hizo tatu, au hazitaki? Kwake swali linageuka. Asiulize shahada ipi itampeleka kwenye tiba, bali ni shahada ipi itamtosha endapo tiba haitakuja. Hapa pana jambo moja la kisheria ambalo halielezwi katika vitabu vya mwongozo. Kazi nyingi za hospitali nchini Kenya zinalindwa na mabaraza na bodi: madaktari wana baraza lao, wauguzi lao, wafamasia bodi yao, na wataalamu wa maabara wana bodi iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 1999. Shahada inaweza kuwa na jina lenye sauti ya hospitali, lakini mhitimu wake asipokubaliwa na bodi inayohusika hataruhusiwa kufanya kazi hiyo hospitalini. Kwa hiyo anayechagua kozi jirani na tiba aulize mapema, tena aulize kwenye bodi yenyewe badala ya kumuuliza mwenzake wa chumbani: mhitimu wa kozi hii husajiliwa na nani? Jibu likiwa hasajiliwi na yeyote, kozi hiyo ni ya utafiti na ualimu wa sayansi, na aichague kwa kuwa anapenda utafiti. Baiokemia ni taaluma adhimu. Inaharibika tu inapofanywa chumba cha kungojea.

Ndani ya shule za tiba zenyewe, isisahaulike, uteuzi bado upo. Chuo Kikuu cha Nairobi humruhusu mwanafunzi wa tiba kusimama kidogo baada ya miaka ya mwanzo akasomea shahada ya sayansi ya anatomia, fiziolojia au baiokemia, kisha akarejea kwenye tiba. Hapo ndipo swali la kuazima kutoka Marekani linapopata makao katika nchi yetu, lakini tayari mtu yuko ndani ya mlango.

Kiswahili wodini

Huenda msomaji akauliza makala ya aina hii inatafuta nini katika jarida la chama cha Kiswahili. Jibu la kwanza ni hesabu iliyotolewa hapo juu. La pili ni wodi.

Kitivo cha Sayansi za Afya cha Egerton hakiko Njoro. Kiko mjini Nakuru, karibu na hospitali kuu ambayo watu wa umri fulani bado huiita hospitali ya mkoa, ingawa mikoa ilikwisha na ugatuzi wa mwaka 2013. Nakuru ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021, lakini wanaokuja hospitalini hapo hutoka mashambani kote: Wakalenjin wa Kuresoi, Wagikuyu wa Bahati, Wakisii, Waluhya na Wajaluo wa mashamba ya maua ya Naivasha, Waturkana waliohamia vitongojini. Lugha inayowakutanisha na daktari ni Kiswahili, na ni Kiswahili ambacho kamusi haikukitarajia.

Mgonjwa anasema ana homa. Katika Kiswahili sanifu, homa ni kupanda kwa joto la mwili. Katika mazungumzo ya kila siku ya Wakenya wengi, homa ni mafua. Mwanafunzi wa tiba aliyezoea maana moja ataandika historia ya ugonjwa usiokuwapo. Mwingine anasema moyo umemchafuka, na daktari chipukizi asiyejua nahau hiyo huchukua chombo chake cha kusikilizia mapigo ya moyo ilhali mgonjwa ana kichefuchefu. Mwanamke anasema tumbo linamsumbua, na neno tumbo hapo laweza kuwa utumbo, laweza kuwa kizazi, laweza kuwa mimba ambayo haijatajwa kwa mumewe aliyesimama mlangoni. Mzee anasema ana sukari na presha. Vitabu vinamtaka aseme kisukari na shinikizo la damu. Na tasfida! Haja kubwa, haja ndogo, kuwa mwezini, sehemu za siri: sura nzima ya semantiki tunayoisoma kwa ajili ya mtihani ndiyo daktari anayoihitaji saa nane za usiku, wala hakufundishwa.

Eldoret walilitambua jambo hili kwa njia yao. Kitivo cha tiba cha Moi kilijengwa juu ya ujifunzaji unaoanzia kwenye matatizo halisi, na wanafunzi wake hupelekwa katika vituo vya afya vya vijijini kuishi na jamii wanayoihudumia. Huko mtu hujifunza upesi kwamba bila lugha hakuna maelezo ya ugonjwa, na bila maelezo hayo vipimo hupapasa gizani. Istilahi nazo zipo kwa anayezitafuta: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya baiolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na baadaye kamusi ya tiba. Wengu, kongosho na nyongo si maneno ya kubuniwa jana. Kinachokosekana ni uchunguzi wa lugha ya mgonjwa mwenyewe, na hiyo ni kazi ya idara zetu, si ya kitivo cha tiba. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kuota udaktari ana mada ya tasnifu hapo, umbali wa safari moja ya matatu kutoka Njoro.

Sisemi hayo kumfariji aliyekosa. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto aliyehitimu Nairobi, na riwaya yake ya kwanza iliyotoka mwaka 1994 ikasomwa na watahiniwa wa nchi nzima. Alivishika vyote viwili bila kimoja kuwa kifuta machozi cha kingine. Alianza na udaktari, hata hivyo, na hiyo ndiyo tofauti.

Mbele ya fomu

Watahiniwa wa mwisho wa KCSE ya 8-4-4 watafanya mtihani wao mwaka 2027. Nyuma yao wamekwisha kufika wale wa mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017. Kundi lao la kwanza lilichagua mikondo ya shule ya upili ya juu mwaka 2025 likiwa Gredi ya Tisa, na likaingia Gredi ya Kumi Januari 2026. Mikondo ni mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Ndani ya mkondo mwanafunzi huchagua masomo matatu, na kando yake yapo ya lazima, Kiswahili au lugha ya ishara ya Kenya yakiwa miongoni mwake, pamoja na Hisabati. Hisabati yenyewe imegawanywa: wa mkondo wa sayansi wana yao, na wa mikondo mingine wana nyepesi zaidi. Anayenuia tiba akiiacha Kemia au Baiolojia mbele ya fomu hiyo ameamua jambo ambalo hapo awali lilimngoja hadi mwisho wa Kidato cha Pili, na hapo zamani zaidi hadi Kidato cha Tano. Umri umeteremka tena, na anayesimama karibu na fomu hiyo ni mwalimu wa darasa, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa lugha.

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya kutwa kandokando ya barabara ya Molo, msichana wa Kidato cha Pili aliniuliza: "Mwalimu, mimi nataka kuwa daktari. Insha za Kiswahili zitanifaa nini?" Nilimjibu kwa hotuba kuhusu lugha ya taifa na utambulisho wa Mwafrika. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akanionyesha orodha ya masomo aliyokuwa ameyachagua: Baiolojia, Kemia, Jiografia, Biashara. Shule haikuwa na mwalimu wa Fizikia, kwa hivyo aliiacha. Nami, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, nikamwambia kuwa aliyeacha Fizikia ameuaga udaktari.